Piga Mara Moja

Gari yangu ina magurudumu matatu ya kijivu na moja jeusi. Ukipanda kuelekea Kasubi, ukaona gari ndogo kuukuu ya bluu imeegeshwa chini ya mabati, imeinama kidogo upande wa dereva, ndiyo hiyo. Vijana wa bodaboda pale steji kila nikipita wananipigia kelele, "Mzee, gurudumu lako moja limefiwa!" Mimi napunga mkono, naenda zangu. Sijawahi kuwaeleza. Leo nitaeleza, lakini mnivumilie, maana niliacha shule darasa la tatu, na mtu aliyeacha shule mapema hakufundishwa kufupisha.

Sisi ni Wanubi. Babu wa baba yangu alikuja na jeshi la Waingereza kutoka Sudan, bunduki begani, na hakuna aliyemwambia siku ya kurudi. Nyumbani tunasema Kinubi, sokoni Kiganda, na Kiswahili nilikipata kwanza kambini kwa baba, kikiwa kimenyooka kama amri. Halafu nikakipeleka Mombasa kusafishwa, kwa sababu nimeendesha lori njia ile mpaka magoti yakaikataa klachi. Kwa hiyo Kiswahili najivuna nacho kidogo. Neno hili mliweke akilini, kwa sababu Kiswahili hichohicho ndicho kilichoniumiza.

Gari ndogo niliipata nilipoacha lori. Haikuwa na uzuri wowote. Rimu zake zilikuwa zimeparuzwa na kingo za barabara kama magoti ya mtoto. Basi mwanetu wa kiume, kabla hajaenda Uarabuni kulinda maghala, alichukua rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti, akachukua brashi, akakaa chini kwenye vumbi asubuhi nzima, akazungushia kila rimu mviringo mwekundu pembeni. Kwa mkono hivihivi. Mwingine umenyooka, mwingine una tumbo. Gurudumu la nyuma upande wa dereva rangi ilichuruzika, na yeye alipotaka kujua kama imekauka akaigusa, dole gumba likabaki pale. Alama kamili, na mistari yake.

Nikamwambia, "Umeivalisha gari bangili."

Akasema, "Ndiyo, Baba. Na siku ya harusi ya dada nitamwendesha mimi. Watatujua kwa mbali."

Akaenda. Miezi ya mwanzo alikuwa anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala, anauliza habari za mama yake, za dada yake, mwisho za gari, na mimi aliniuliza kupitia gari. "Inakula mafuta?" Maana yake, Baba unakula? Halafu Ijumaa moja hakupiga. Tukasema kazi. Ijumaa nyingine hakupiga. Tukapiga sisi, na kukatoka sauti ya mwanamke, Kiingereza, na adabu nyingi, inasema hapatikani. Ofisi iliyompeleka tulipokwenda tukakuta imekuwa saluni ya nywele. Binti mmoja kichwani ana dawa nyeupe akatutazama kwenye kioo, akasema, "Wale walihama." Tumekwenda na kwingine, kote ambako mtu huenda. Kila mahali kuna benchi, na mwisho wa benchi kuna mtu anayesema subirini.

Mama watoto bado anapiga namba ile kila Ijumaa. Yule mwanamke wa kwenye simu akimaliza kusema, mke wangu humjibu, "Asante, mama," ndipo anakata. Kisha anachukua kitambaa na maji, anatoka nje, anafuta ile miviringo myekundu, gurudumu kwa gurudumu. La mwisho huwa lile la nyuma. Sikuwahi kumwambia kwamba gari huoshwa kuanzia juu.

Sasa binti yetu akaposwa. Huyu ndiye kitindamimba, anafanya kazi kwenye duka la kuchapa karatasi Wandegeya, pale wanafunzi wanapopeleka vitabu vyao kufungwa. Wakwe ni watu wa Old Kampala, watu wa duka, wastaarabu, wanakunywa chai bila kutoa sauti. Wiki za mwisho kabla ya harusi binti akanijia na sauti ile ya chini, ambayo watoto huitumia wakishaamua.

"Baba, gari ya kunitoa nyumbani itakuwa yako, sivyo?"

"Ya nani tena?"

"Basi ile nyekundu tuifunike."

Mama yake alikuwa anachambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Hiyo haiguswi," akasema.

"Mama, sijasema tuifute. Nimesema tuifunike. Kuna rangi ya mpira, unapuliza kwenye rimu, sherehe ikiisha unaibandua. Ya chini inabaki vilevile."

Akamwonyesha kwenye simu. Mzungu mmoja amepiga magoti kando ya gari lake, anashika ukingo wa rimu kwa kucha mbili, anavuta, na rangi inatoka nzima kama soksi. Mama watoto akasema, rudisha. Binti akarudisha. Akasema, rudisha tena. Mimi nilidhani anafurahia. Kumbe alikuwa anatazama kile kilichobaki chini.

"Na ya chini haikutoka?"

"Haikutoka, Mama. Umeona mwenyewe."

Hapo ndipo mke wangu akanigeukia. Hakumgeukia binti aliyesoma. Akanigeukia mimi. "Wewe ndiye dereva. Unasemaje?"

Nikasema, "Harusi Jumamosi. Jumatatu utaiona tena."

Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Vipuri tunanunua kule chini, ukishuka mlima kutoka msikiti mkubwa, kwenye vichochoro ambako mtu akikuona umeshika kioo cha pembeni anaweza kukuuzia gari lililobaki. Binti alikuwa kazini, nikaenda peke yangu. Dukani nikamkuta mwanamke wa Kiganda, kijana, anakula mahindi ya kuchoma. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala. Ndugu zetu Waganda hawagombani na herufi r na l. Wanaziacha zikae zinapotaka.

"Jajja, nikusaidie nini?" Jajja ni babu kwa Kiganda. Nikakubali, ndevu zimeshanisaliti.

"Nataka rangi ya rimu, ile inayobanduka."

"Ya mpira! Iko. Unataka langi gani? Nyeusi? Ya zahabu?"

"Nyeusi. Lakini binti yangu, niambie ukweli. Inatoka?"

"Eh, jajja! Inatoka yote. Unashika pembeni, unavuta, inakuja kama ganda la menvu."

Menvu ni ndizi zetu mbivu, zile fupi tamu. Mfano ule ulinipendeza. Kila mtu Kampala ameshamenya menvu.

Akaanza kupanga makopo juu ya meza, moja, jingine, jingine. Nikauliza, "Na ninaipiga vipi?"

"Osha limu na sabuni. Kausha vizuli. Tikisa kopo sana, mpaka usikie kale kagololi ndani kanacheza. Halafu piga mala moja."

"Mara moja?"

"Mala moja, jajja." Akang'ata hindi. "Mengine imeandikwa hapo kwa kopo."

Nikalitazama kopo. Yaliyoandikwa yalikuwa Kiingereza, meupe, madogo kama mchele uliomwagika. Miwani yangu ni ya kuonea barabara. Nikasema moyoni, yote si ameshaniambia? Piga mara moja. Na tena, Waganda wakisema *mala* kwa lugha yao ni maliza, kwa hiyo neno likaniingia kwa milango miwili: piga moja, umemaliza. Nikamrudishia makopo karibu yote.

"Kama ni mara moja, haya mengi ya nini?"

Akanitazama, akainua mabega. "Ukitaka kidogo, jajja, chukua kidogo." Na mteja mwingine alikuwa ameshaweka kiwiko juu ya meza, anataka plagi.

Nilipanda mlima kurudi nikiwa mtu mwerevu.

Jirani yangu ni Mkenya, Mluhya wa upande wa Busia, muumini wa kuimba kwaya, anaziba pancha kwenye kibanda mbele ya nyumba yetu. Alikuja na jeki yake na vigogo vya kuwekea gari, kwa sababu vyangu alisema ni vya kumuulia mtu. Ilikuwa Alhamisi, jua kali, mawingu yako mbali upande wa ziwa. Gurudumu lile la nyuma mama watoto hakuruhusu mtu aoshe. Aliosha mwenyewe kwa mswaki. Alipomaliza kukausha akaweka dole gumba lake juu ya lile dole gumba jekundu, akalikandamiza, kama sisi tusiojua kuandika tunavyotia sahihi. Kisha akasema, "Haya," akaingia ndani, akafunga mlango na dirisha, joto lote lile.

Kwenye simu tulimwona yule Mzungu akichomeka kadi pembeni ya rimu, kati yake na tairi, kadi baada ya kadi, duara nzima kama miale ya jua, ili rangi isiruke kwenye tairi. Kadi tulikuwa nazo. Maana binti yetu alichapa kadi za harusi kazini kwake kwa lugha mbili, Kiingereza kwa wakwe na Kiswahili kwa jamaa zetu wa Kibera na Bunia, na aliyezipanga kwenye kompyuta ni Mganda mwenzie. Rundo zima lilitoka limeandikwa *Mnakaribishwa kwenye kalamu ya harusi*. Walichapa upya, na hizi zilizoharibika zikaja nyumbani kwenye boksi, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzitupa.

Jirani akaokota moja, akasoma kwa sauti ya mhubiri. "Mzee! Kwenye kalamu! Sasa mimi nije na daftari, ama mtagawa huko?"

"Wewe njoo na kifutio," nikamwambia.

Tukacheka mpaka kadi zikamponyoka. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani siku mbaya huanza vibaya. Ile ilianza vizuri sana.

Nikatikisa kopo. Kagololi kakacheza. Nikapiga magoti, nikabonyeza, ikatoka ssss, ukungu mweusi laini, na harufu ya kuumiza meno. Nilipitisha mkono polepole mzunguko mmoja. Kuku mweupe wa jirani alipita nyuma ya gurudumu akatoka mweusi ubavu mmoja, akaendelea na safari. Hakuwa na habari.

"Mzee, bado naona wekundu kwa ndani," jirani akasema.

"Ikikauka itakaza."

"Huongezi?"

"Mara moja. Nimeambiwa na mwenye duka."

Lakini pale wekundu ulipong'aa sana nilirudia kidogo, nikajidanganya kwamba bado ni mara moja, maana sijainua kidole. Yote manne nikayafanya hivyo. Yakakauka. Kwa mbali yalikuwa meusi kama viatu vya polisi. Binti aliporudi jioni akayatazama, akanishika bega.

Jumamosi nilimwendesha mimi. Wanawake wetu na gurbaba zao, zile nguo za kujifunga za rangi, walikuwa wamejaa barabarani, ngoma ya doluka inapigwa, na mimi nimevaa kanzu na kofia yangu nzuri, ile ya kwendea hospitali. Tulipofika Wandegeya, kwenye taa, msongamano ukatushika. Binti alikuwa nyuma, shangazi yake pembeni amesinzia. Akasema taratibu:

"Baba, unajua kwa nini nilitaka nyeusi?"

"Wakwe."

"Wakwe hawatazami magurudumu. Kaka alisema ataniendesha yeye. Nilijua nikiiona ile nyekundu leo nitalia, na wanja huu wamenipaka kutwa."

Mimi nilikuwa natazama taa. Taa ilikuwa nyekundu. Mtu mwenye akili angepata neno la kumwambia mwanawe. Nimevusha lori mabonde yote kati ya hapa na bahari, gizani, mvua, breki zimekwisha, na sikuwahi kukosa la kufanya kama nilivyokosa pale. Nikasema, "Funga vizuri mlango." Mlango ulikuwa umefungwa.

Jumatatu ikafika.

Mama watoto alitoka na ndoo na kitambaa chake kabla chai haijachemka. Akasimama nyuma yangu. Mimi nikapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, nikapeleka kucha mbili pembeni kama Mzungu. Nikavuta. Kikatoka kipande cha ukubwa wa punje ya maharage. Nikavuta tena. Kikatoka kipande kama gamba la dagaa. Nikachokoa, nikakwaruza, vikawa vinajikunja chini ya kucha kama uchafu wa jikoni. Niliahidiwa menvu, nikapewa ndizi ya matoke, ambayo haitoki ganda bila kisu, na utomvu unakuganda mpaka kesho.

"Inatoka?" akauliza.

"Inatoka."

"Naiona nyeusi."

"Inataka subira kidogo."

Nilisema subira. Nilisikia neno hilo likitoka kwangu, na nikasikia benchi zote tulizokalia mimi na yeye.

Jirani akaja na kichupa cha petroli. Akasema kwake hiyo hutoa kila kitu. Tukalowesha kitambaa, tukasugua mahali padogo kwenye gurudumu la mbele. Kitambaa kikatoka cheusi. Tukashangilia. Tukasugua tena, na kitambaa kikatoka chekundu.

Jirani akafunga kichupa chake. Mama watoto akaja, akachukua kitambaa mkononi mwangu, akakikunja wekundu ukiwa ndani, akaenda nacho.

Nikashuka tena kule vichochoroni kwa miguu, kwa sababu sikutaka kuipanda ile gari. Yule mwanamke siku hiyo alikuwa anakula karanga.

"Jajja! Harusi ilikuwa nzuri?"

"Rangi haitoki."

"Haiwezi. Ulipiga mala ngapi?"

"Mara moja. Kama ulivyosema."

Akaacha kutafuna. "Nilisema piga mala moja, jajja! Mala moja! Hapo hapo, ukishatikisa, kabla haijalala. Si mala moja ya kuhesabu. Ya kuhesabu ni mala tano, mala sita, mpaka inene. Ikiwa nyembamba itashikana vipi ikufuate?"

Basi. Mimi, mtu wa Mombasa. Miaka yote ya lori, tajiri akiniambia njoo mara moja, sikuwahi kuhesabu, nilikimbia. Polisi wa barabara akisema shuka mara moja, nilishuka. Neno hilo limeniamrisha maisha yangu yote na nililijua sura zake zote mbili kama ninavyowajua mapacha wa dada yangu. Na siku moja tu niliyolihitaji likaja na sura nyingine. Hata kumlaumu yule mwanamke wa dukani sikuweza. Alisema sawa. Mimi pia nilisikia sawa.

"Sasa dawa yake?" nikauliza.

"Ludia juu yake. Piga mingi, nene. Ya juu itashika ya chini, utavuta yote pamoja."

"Na nyekundu iliyo chini kabisa?"

"Nyekundu gani?"

Nikamwambia. Rangi ya geti, brashi, juu ya rimu chakavu.

"Kwanza walisugua na msasa? Walipaka ile ya kwanza, ya kushikilia?"

"Alikuwa mtoto tu anacheza na gari ya baba yake," nikasema. Hakuwa mtoto, alikuwa ana ndevu, lakini ndivyo nilivyosema.

Akachagua karanga moja, akairudisha. "Basi jajja, mimi sijui. Hapo itategemea nani amemshika nani zaidi."

Nikanunua yale makopo niliyoyakataa, na nyumbani nikamweleza mama watoto yote, hata hilo la mara moja. Nilitaka anicheke. Angenicheka ningepona. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ukiiacha hivi?"

"Itabaki nyeusi, yenye madoa."

"Ukipiga tena?"

"Labda itatoka, labda itatoka na mwenzake."

Alitazama mikono yake. "Piga," akasema.

Nikapiga. Siku hiyo sikuhesabu. Nilipiga mpaka makopo yakakohoa, nikaacha ikauke, nikarudia, mpaka rimu zikavimba na kung'aa kama ngozi ya kiboko aliyetoka majini. Kadi za kalamu tulizochomeka tena zikaganda kwenye tairi tukaacha kuzing'oa. Tukalala, tukaamka.

Nikaanza na la mbele, upande wa abiria. Nikashika ukingo kwa kucha mbili, na nikaisikia inakubali. Ikaja. Ikaja yote, nzima, na mlio wa kupasuka taratibu, kama plasta inayotoka kwenye kidonda kilichopona. Ilikuwa kazi nzuri kupita ya yule Mzungu. Jirani alisema, "Halleluya, mzee!" halafu akakata hapo hapo.

Rimu ilikuwa kijivu, tupu, na mikwaruzo yake ya zamani. Nikaligeuza lile ganda jeusi mkononi. Kwa ndani lilikuwa na mviringo mwekundu. Wekundu mkali kuliko nilivyoukumbuka, kwa sababu upande ule haukuwahi kuona jua. Ulikuwa umeegemea chuma tangu siku ile alipokaa vumbini. Sasa ulikuwa unanitazama mimi.

Mama watoto alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Jaribu jingine."

Nikajaribu la mbele upande wa dereva, lile tulilosugua na petroli. Vilevile. Nikajaribu la nyuma, upande wa abiria. Nilivuta polepole, nilivuta kwa pembeni, nilipulizia maji ya moto kama jirani alivyoshauri, nilisema bismillahi. Vilevile. Kila ganda alilipokea, akaliweka begani mwake kama kanga iliyoanuliwa.

Likabaki lile lenye dole gumba.

Nilipokwisha kupiga magoti na kucha zangu ziko pembeni, akasema, "Acha."

"Pengine hili limeshika zaidi. Pale rangi ilichuruzika, ilikuwa nene."

"Pengine."

"Tukivuta tutajua."

"Ndiyo," akasema. "Tutajua." Akaweka kiganja chake juu ya rimu, mbele ya uso wangu, na hakukiondoa mpaka nilipoinuka. Kuinuka kwangu siku hizi ni kazi ndefu, lakini alingoja.

Yale maganda matatu ameyakunja, yako kwenye sanduku la gurbaba zake, chini kabisa. Binti alipokuja kututembelea na mumewe aliliona gurudumu, akaingia ndani kwa mama yake, wakakaa huko, sikwenda kusikiliza. Mkwe wangu alibaki nje nami. Kijana mwenye adabu. Aliniuliza kama ni mtindo mpya, nikamwambia ndiyo.

Ijumaa mambo yako kama zamani. Anapiga namba, yule mwanamke anasema yake, anajibiwa asante mama. Kisha mke wangu anatoka na kitambaa. Matatu ya kijivu hayagusi. Anakwenda moja kwa moja kwenye jeusi, analifuta, anatafuta kwa dole gumba kupitia ule mpira. Anasema anakisikia kishimo cha lile dole gumba. Mimi nimejaribu akiwa msikitini na wenzake. Vidole vyangu ni vya usukani, vimekufa ngozi, sisikii kitu. Nikimwambia sisikii nitakuwa nimesema jambo ambalo silijui. Nikimwambia nasikia, vilevile.

Na hili la mwisho hata jirani hajui. Juzi nikiwa naangalia upepo wa tairi niliona pale karibu na valvu mpira umeanza kunyanyuka wenyewe, ukingo mdogo, kama ukurasa. Kokoto za barabara ya Kasubi hizo, au jua, au ni muda tu. Niliinama kuchungulia chini yake nikajizuia. Nilikwenda kwa fundi viatu nikaomba gundi kidogo kwenye kifuniko cha soda. Nikaubandika, nikakandamiza kwa kidole mpaka ukashika. Asubuhi ya leo nimekuta umenyanyuka upande wa pili. Nimekandamiza na hapo. Gundi bado ipo kidogo, nimeificha chini ya kiti cha dereva.